Damu Ndani ya Viatu Vyeupe

Nilikuta damu ndani ya viatu.

Si tone moja. Ilikuwa imelowa kwenye vidole na kwenye kisigino, imeganda. Soksi moja ilikuwa imebaki humo ndani imenata kama ngozi.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya ziwa, saa kumi ya jioni, beseni ya sabuni mbele yangu. Pea kumi na mbili za viatu vya mupira. Kumi na moja zilikuwa na vumbi tu na harufu ya wanaume.

Ile ya kumi na mbili, nyeupe, mupya kabisa, ndiyo ilikuwa na damu.

Na nilijua ni miguu ya nani. Mi mwenyewe ndiye nilimupa.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo. Mi si mutu wa masomo mengi, nilimaliza la sita primaire basi, kwa hiyo munivumilie.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, Gisenyi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama alikuwa ameshakufa, dada yangu Saidati ameolewa Goma. Mi nilibaki kwenye chumba cha nyuma cha duka la Muzee Faradji, fundi wa cherehani pale Nengo.

Goma iko hapo tu, ukikohoa wanakusikia. Lakini Saidati alikuwa na wakwe na watoto. Anakuja siku ya Idi, anakula, anarudi. Siku zingine zote nilikuwa naongea na cherehani.

Muzee Faradji alikuwa na kazi yake ya pili, ile aliyoipenda kuliko nguo: kocha wa mupira. Mi nashona namba kwenye jezi, nafua viatu, na kwa sababu mwandiko wangu ni muzuri, naandika majina kwenye kaye, daftari la timu. Vijana wananipita, "dada, maji," "dada, kamba ya kiatu." Hakuna anayengoja nijibu.

Isipokuwa Mbonigaba.

Mbonigaba alikuwa anabeba magunia ya viazi kwenda barrière, pale mupakani. Kila asubuhi anapita mbele ya duka, anasimama.

"Dada Nasrine, umeamuka namna gani?"

Na anasimama kweli, gunia kwenye mugongo, mupaka niseme nimeamuka namna gani.

Kilo hamsini, na anangoja jibu. Munaweza kucheka. Mi nilikuwa naishi kwa dakika ile.

Jioni alikuwa anacheza na wabebaji wenzake, miguu mitupu, mupira wa majani ya ndizi uliofungwa kamba. Hakuwa na mbio za ajabu. Lakini kuangalia ndiyo kazi niliyoijua, na niliangalia sana, nikaona kitu.

Alikuwa anapeleka mupira mahali hakuna mutu.

Unasema, huyu naye, amemupa nani sasa? Halafu mutu anafika. Kila mara, mutu anafika.

Basi, mwezi wa sita vita vya upande wetu vilikuwa vimetulia, wakubwa wa muji wakataka mashindano. Timu za zamani zilikuwa zimekufa, na wengine walikufa nazo. Ikaamuliwa hivi: vijana arobaini, makocha wawili. Kila kocha anachagua mutu wake kwa zamu, wewe mumoja, mi mumoja, mupaka kila timu ifike watu kumi na tano. Kumi watabaki, warudi nyumbani.

Kocha wa pili aliitwa Johnson. Alikuwa amerudi kutoka Uganda, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio, ile tuliyoita krono. Hata akinywa chai alikuwa anaishika.

"Tupime mbio kwanza," alisema pale dukani. "Mita mia. Dakika kumi na mbili za kuzunguka uwanja. Na kuruka, tunaweka chaki kwenye ukuta. Speed huwezi kumufundisha mutu, muzee. Mupira utamufundisha."

Muzee Faradji alikuwa na pini mudomoni. Akazitoa moja moja.

"Mi nashona miaka thelathini. Nakupima kiuno, kifua, mabega, sikosei. Lakini utepe wangu haujaniambia hata siku moja kama mutu anajua kucheza ngoma."

"Ngoma si mupira."

"Bon. Na mbio ndiyo mupira?"

Waligombana mupaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: Jumamosi mitihani ya mbio, Jumapili mechi, halafu kuchagua. Ila Johnson akaweka sharti. Kumi wa mwisho kwenye karatasi, mechi hawagusi. Wanarudi nyumbani bila kuchezeshwa.

"Na wote wapimwe na viatu," akasema. "Kwenye mashindano hakuna kucheza miguu mitupu. Huyu musichana atagawa." Akaniangalia. "Na nisisikie upendeleo. Nikisikia, unaondoka siku hiyo hiyo."

Nikasema ndiyo, kochi.

Mbonigaba alikuwa ameniambia wiki ile: "Dada, wakinichagua nabaki. Wasiponichagua nakwenda na mujomba wangu, ana kamyo, lori la viazi, huko Masisi ng'ambo ya mupaka. Hapa mi ni mugongo tu. Hakuna anayeniona mbele."

Nikarudi chumbani na neno lile. Mi mbona namuona mbele? Lakini hilo musichana hasemi.

Sasa, viatu. Pea kumi na moja zilikuwa kuukuu, za kuvaliwa kwa zamu. Ya kumi na mbili, nyeupe na musitari wa bluu, ilikuwa imeletwa na Kadiri, mfanyabiashara anayevuka Goma kila siku. Nikaificha chini ya jezi.

Jumamosi, Régis ndiye aliiona. Régis alikuwa na mbio kama pikipiki.

"Dada, nipe zile nyeupe."

"Zimechanika."

"Zimechanika na ziko zinang'aa hivyo? Yewe!"

"Régis, chukua hizi za kamba nyekundu, songa mbele."

Mwenzake mumoja akapiga kelele: "Mupe za dhahabu ukitaka! Mupira utamukimbia tu, sha!"

Watu wakacheka, Régis akaondoka na za kamba nyekundu.

Mbonigaba alifika wa mwisho kwenye musitari. Nikazitoa zile nyeupe.

"Hizi nilikuwekea wewe."

Akaviangalia viatu. Akaniangalia mimi. Muda murefu.

Kwenye soli iliandikwa 39. Niliisoma. Lakini kwangu 39 ilikuwa namba tu. Nilikulia bila baba, bila kaka. Sijawahi kumununulia mwanaume kiatu. Nilidhani kiatu kipya kinamukubali kila mutu.

"Zinakutosha?"

"Zinatosha, dada. Asante."

Alikimbia kama mutu anayekanyaga makaa.

"Mbonigaba, gunia umeacha wapi?" walimuzomea. "Mushushieni muzigo huyo!"

Mita mia, wa mwisho. Kuruka, hata nusu ya wenzake hakufika. Dakika kumi na mbili, alimaliza anatembea. Johnson anasoma krono, mi naandika. Mukono wangu uliandika zile namba na mi sikuamini. Muzee Faradji alikuwa anajikuna kichwa.

Alinirudishia viatu amevifunga kamba vizuri. "Asante kwa viatu, dada." Akaondoka, anatafuta majani ya kukanyaga, anakwepa changarawe. Niliona hilo pia. Sikulielewa.

Nikaandika karatasi safi, majina arobaini kwa musitari. Wa arobaini: Mbonigaba. Nikaibandika mimi mwenyewe kwenye mulango wa duka. Halafu nikabeba viatu kwenda ziwani.

Hapo ndipo nilipokuta damu.

Nilikaa pale na kiatu kimoja mukononi. Nikisema, wataniuliza kwa nini nilivificha, na Johnson atanifukuza. Hata wale wa "dada, maji" sitawasikia tena. Nisiposema, hakuna atakayejua. Chovya tu ndani ya maji, sugua, kwisha.

Sikuvifua.

Asubuhi ya Jumapili nilisikia hatua zikija. Nilizijua. Lakini siku hiyo zilikuwa nzito, moja inavutwa. Zikasimama mbele ya mulango.

"Dada Nasrine, umeamuka namna gani?"

Nilikuwa nyuma ya mulango, viatu vya damu kifuani. Nilikuwa na haya. Nikajiambia, kwanza niongee na makocha, nikishatengeneza ndiyo nitamuangalia usoni.

Sikujibu.

Alingoja. Sijui ilikuwa muda gani. Halafu hatua zikaenda upande wa barrière.

Uwanjani watu walikuwa wameshajaa. Nikaenda mupaka mbele ya makocha. Nikaweka chini beseni ya viatu vyote.

"Kochi. Karatasi ile imepima viatu. Haikupima watu."

Johnson akageuka. "Unasema nini?"

Nikamupa kile cheupe. Akaingiza mukono ndani, akautoa, akaangalia vidole vyake.

"Nilimufichia Mbonigaba, ndiyo. Ni upendeleo, ndiyo. Nilitaka awe wa kwanza, nikamupa 39 na miguu yake sikuiangalia. Lakini si yeye tu. Zile za kamba nyekundu walivaa wanne. Wote wanne wako kwenye kumi wa kwanza. Zile za soli iliyopigwa musumari walivaa watatu. Angalia karatasi. Wote watatu wako kwenye kumi wa mwisho. Zile zinazofungwa na waya..."

Nikawataja wote. Arobaini, kila mutu na viatu vyake. Sikuwa nimeandika popote. Nilikuwa nimeangalia tu.

Johnson alichukua kile cha soli ya musumari, akakibonyeza ndani kwa kidole gumba, akaurudisha mukono haraka. Akatembea mupaka dukani, akabandua karatasi, akarudi ameikunja.

"Wote wacheze," akasema. "Anayetaka kuvua viatu, avue."

Mutu akapiga makofi.

"Na wewe," akaniambia polepole, hata hakuwa na hasira, "viatu usiguse tena. Nilikuwa nimesema."

"Viatu umechukua, sawa," Muzee Faradji akamujibu. "Kaye inabaki kwake. Huyu musichana ameona watu arobaini. Mi na wewe tumeona krono."

Kadiri akatumwa kumuita Mbonigaba. Nikasimama njiani nangoja. Alirudi peke yake.

"Amevuka barrière asubuhi, ilipofunguliwa tu. Kamyo ya mujomba wake imeshaondoka."

Mechi ilichezwa. Wale watatu wa viatu vya musumari, wawili walicheza vizuri mupaka Johnson mwenyewe akamuchagua mumoja wao mapema. Régis alichaguliwa wa kwanza kabisa. Mi nikawa naandika, wewe mumoja, mi mumoja.

Ikafika zamu ya mwisho ya Muzee Faradji. Mutu wa kumi na tano. Walikuwa wamebaki kumi mbele yake, wanamuangalia machoni.

"Mbonigaba," akasema.

Johnson akacheka. "Muzee, unachagua mutu ambaye hayuko?"

"Mi nimemuona akicheza. Andika, binti yangu."

Mumoja wa wale kumi alitema mate, akaondoka. Sikumulaumu. Nikaandika.

Mwaka ule tulicheza tukiwa kumi na nne. Munaotaka kujua nani alikuwa na haki kati ya makocha, samahani, sina jibu. Timu ya Johnson ilitufunga mbili bila kwa mbio zao. Tukarudiana, Régis akakosa goli tupu mara tatu, tukawafunga moja. Mbio zinasaidia. Mupira pia. Lakini ile siku ya kwanza wote wawili walikuwa hawajaangalia chini.

Jezi namba kumi na tano niliishona hata hivyo. Ikabaki kwenye musumari juu ya cherehani.

Ilikuwa Ramadhani, Kadiri alipoingia dukani, hata salamu hakumaliza.

"Nimekutana na yule mutu wako wa viazi, huko Sake."

Sindano ikaniingia kwenye kidole.

"Nilimuuliza, mujinga wewe, viatu vinakubana namna ile, kwa nini hukuvivua? Si ungekimbia miguu mitupu tu, au ungeomba vingine?"

"Akasema nini?"

Kadiri akakaa kwanza.

"Akasema: tangu nizaliwe hakuna mutu aliyeniwekea kitu. Sasa yeye amenifichia, amedanganya watu kwa ajili yangu, mi nimwambie havinitoshi?"

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Akasema tena, asubuhi alipita kukuaga. Hukumujibu. Akajua umeona haya kwa sababu yake, amekuaibisha kwa kuwa wa mwisho."

Miezi yote ile nilidhani mi ndiye nilimukimbia kwa aibu yangu. Kumbe aliondoka amebeba aibu isiyo yake, juu ya vidonda ambavyo ni vyangu.

"Na miguu yake?"

"Ilipona. Nilimuuliza namba yake, nikijua utauliza. Ni 43."

Nilimutuma Kadiri tena. Alipofika Sake, kamyo ilikuwa imeshahama. Vita vya upande ule vilikuwa bado. Ndiyo habari ya mwisho niliyoipata.

Ndugu zangu, nililojifunza ni hili. Kabla hujasema mutu ni wa mwisho, angalia kwanza umemuvalisha nini. Na ukitaka kumupa mutu kitu kwa moyo wako wote, muulize namba yake. Ni swali la dakika moja. Mi sikuliuliza.

Jezi niko nayo mupaka leo. Pembeni yake iko pea ya viatu, 43. Sijawahi kuifua, maana haijavaliwa.

Alikuwa anapeleka mupira mahali hakuna mutu, na mutu anafika. Ndiyo maana nimeiweka hadithi hii hapa mutandaoni, mahali ambapo sijui kama yuko.

Mbonigaba. Asubuhi ile uliniuliza, sikukujibu. Niliamuka vibaya.

Na we, umeamuka namna gani?