Madoa Chini ya Jani la Kangaga

Asubuhi, jua halijapanda juu ya paa, Mama Kitalu amechuchumaa mbele ya debe lenye kutu. Anageuza jani baada ya jani. Anatafuta madoa.

Ndani ya debe umo mmea wa kangaga wa aina inayoota msituni tu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Marehemu mumewe, mlinzi wa msitu, aliuleta siku bonde ulimoota lilipofyekwa.

"Aliukumbatia kama mtoto mchanga," anasema. "Nikamtania: 'Wenzako wanaleta kuni, wewe unaniletea majani!' Akanijibu, 'Tafuta mwingine kama huu.' Tulitafuta. Hatukuuona."

Kangaga halitoi ua wala tunda. Mbegu zake ni vumbi la kahawia linalojipanga chini ya jani, nukta kwa nukta. Yeye na mumewe walipanga kulipanda pamoja likikomaa. Likakomaa wiki aliyofariki.

Wakati wa msiba, wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyeshika nyumba. Alipika, akafua, akafagia. Alipoona mmea una madoa, aliuonea huruma. Akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akausafisha wote.

"Akaja kuniambia, 'Wifi, mmea wa kaka nimeutibu.' Ningemwambia nini? Alikuwa ametoka kumzika kaka yake. Nikasema ahsante."

Majani yale yalinyauka. Mapya yakatoka safi, bila hata doa. Mama Kitalu aliendelea kuuza miche ya maua kando ya barabara, inayompatia chakula na kodi, basi. Debe halikuwa la kuuza.

Leo wifi amekuja kumjulia hali. Anainama, anageuza jani la nyuma ambalo Mama Kitalu hajalifikia, anashtuka.

"Wifi wee! Ugonjwa umerudi. Sabuni iko wapi?"

Mama Kitalu anasogea, anaangalia.

"Liache, wifi. Hizo ndizo mbegu zake."

Mkono wa wifi unakwenda mdomoni. "Kwa hiyo siku ile mimi..."

"Kaka yako angecheka mpaka aanguke na kiti."

Hawacheki. Wanakaa chini, bega kwa bega, wifi akilia bila sauti.

Vumbi likikomaa, Mama Kitalu atalikinga kwa karatasi na kulipanda kwenye udongo mbichi. Miche ikikubali, ataipeleka bondeni, kwenye kijito ambako kivuli kidogo kimebaki.

"Tutakwenda sote wawili," anamwambia wifi yake. "Ila kitambaa chako utakiacha nyumbani."