Siku Nilipombeba Mama Mkwe Korongoni

Hili jambo nimelikwepa muda mrefu, maana hata leo nikipita Kilosa kuna watu hunitazama mgongoni kabla ya usoni, lakini ngoja niwasimulie mwenyewe kuliko mkalisikie kwa wengine waliolitia chumvi.

Mimi ni dereva wa watalii Mikumi. Bosi alikuwa amenunua gari jipya la haibridi, lile linalotumia petroli na betri kwa zamu, gari refu, zito, akataka tulirekodi likifanya mbwembwe ili wageni waone haliogopi njia yoyote. Kazi akanipa mimi na mpiga picha wetu, Shukuru. Asubuhi tulikuwa Rudewa kwenye shamba la zamani la mkonge, nikalipandisha tuta mpaka tairi moja likaning'inia hewani, nikalizungusha kwenye vumbi, na kila kitu kikakubali (na mimi kichwa kikavimba). Kikabaki kipande kimoja, kuvuka maji.

Hapo mke wangu, aliyekuwa na kichanga cha wiki moja, akapiga simu. "Ukipita Kilosa mchukue mama, aje amwone mjukuu."

Ningeweza kumaliza kazi kwanza. Nikasema nampitia sasa hivi. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo.

Mama mkwe akakaa nyuma na kikapu chake. Nilimwamkia nikiwa nimeinamisha macho, kwa kuwa upande wao mkwe hatazamwi ovyo, hata kioo cha ndani nilikigeuza kidogo. Tukashika njia ya Mikumi mpaka kwenye korongo lenye daraja, na chini ya daraja pana kivuko cha zamani. Maji yalikuwa ya magotini. Shukuru akashuka na kamera, akaninong'oneza dirishani, "Kaka, mvushe mama darajani kwanza."

"Akiwemo ndani ndiyo inanoga," nikamwambia. "Watu waone mama mtu mzima ametulia." Kisha nikageuza shingo nusu. "Mama, hutaogopa?"

"Mimi magari siyajui, baba. Dereva ni wewe."

Watu walishaanza kujaa ukingoni, nami kabla ya kuingia nikawahutubia habari za betri, kwamba humu ndani mna umeme wa kumwangusha ng'ombe. Kisha nikaingia majini kimyakimya, kwa umeme wa betri peke yake.

Katikati tairi la mbele likazama shimoni. Gari likainama upande wa kushoto, taa nyekundu zikajaa kwenye dashibodi, kisha zote zikazima pamoja na kila kitu. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Nikabonyeza tena. Nikasikia sauti ya Shukuru ukingoni, "Kaka, maji yamebadilika rangi."

Nilipotazama upande wa juu wa korongo niliona yanakuja mekundu, yamebeba majani na vijiti, kwa maana huko milimani mvua ilishanyesha nasi hatukujua. Maji yakaanza kuingia miguuni. Nikaomba msaada, na hakuna aliyesogea. Mzee mmoja mfugaji akajibu, "Umesema lina umeme." (Baadaye fundi aliniambia betri ile hujikata yenyewe ikipata hitilafu, lakini wakati ule hata mimi sikujua, nilikuwa nahubiri tu.) Nikatoa mguu nje nikijua huenda nakufa. Sikufa. Maji yalikuwa ya kiunoni, yananivuta.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikageuka, nikachuchumaa. "Mama, panda mgongoni."

"Wewe ni mkwe wangu. Sipandi."

"Mama, maji yanapanda."

"Nayaona." Nikasikia kikapu kinaanguka majini. "Basi usigeuke," akasema.

Akapanda. Ni mama mwenye mwili, na tangu nimwoe binti yake sikuwahi hata kumshika mkono. Nilivuta hatua moja, nikasimama, nikavuta nyingine, naye ananisomea dua sikioni kwa sauti ya chini isiyotetemeka, mpaka jiwe lilipoponyoka chini ya mguu wangu, tukazama wote wawili. Nilimshika mkono kwa nguvu zote. Yule mzee akaingia majini na fimbo yake, akatunyooshea, Shukuru akamshika mzee kiuno, tukatoka hivyo, kama waliofungwa kamba moja.

Kanga zake zilikwenda na maji. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya umati na gagulo lililolowa, ameshika kifua, mpaka wanawake wakamzingira na kumfunika kanga zao. Nilitazama ardhi. Nyuma yangu gari lilisukumwa na maji, likalala ubavu.

Mikumi tulifika kwa lori la mahindi. Bosi alinipumzisha kazi mwezi mzima na sikulalamika. Ndani ya nyumba yangu mama alimlea mjukuu, na mimi nikaishi kwa kupitia mlango wa uani, nikikohoa kwanza.

Siku ya kurudi kwao nilisimama mbali, nikamwambia nimeazima gari dogo, nitampeleka taratibu, kwa barabara ya lami tu.

"Napanda basi, baba," akasema. Akafunga mtandio, akafikiri kidogo. "Na wewe panda. Unishikie mzigo."

Nikakaa kiti cha nyuma yake mpaka Kilosa, furushi mapajani. Tangu hapo gari lenye mtu ndani siliingizi majini, hata yawe ya kulowesha kwato za mbuzi.