Dubu Mwenye Pua ya Haraka

Kuna barabara moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, ambayo nikiipita mpaka leo watu wananinyooshea kidole na kuwaambia wageni wao kwamba huyo ndiye aliyewanyang'anya watoto dubu wao Jumapili mchana, na ni kweli, niliwanyang'anya, tena watoto wa miaka minne na mitano, tena mbele ya mama zao, nikiwa nimevaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Naona aibu hata sasa ninapoandika. Lakini kila nikikumbuka jinsi siku ile ilivyoisha kifua kinafunguka kama dirisha, na ndiyo maana nimekubali kusimulia.

Mimi ni mwandishi wa riwaya (riwaya moja, haijachapishwa, msiniulize), na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana naenda kushona dubu. Dubu wa kitambaa, wale ambao watoto hulala nao, ambao sisi huku tunawaita kwa Kifaransa nounours. Tuko watu kumi na wawili katika chumba nyuma ya kanisa. Aliyetukusanya ni Mama Antho, binti wa fundi wa reli, ambaye alianza kwa kununua dubu kuukuu wanaofika ndani ya mizigo ya mitumba kupitia mpaka wa Sakania, huyu hana jicho, yule hana sikio, akawa hawezi kuwaacha sokoni kwa sababu, kama asemavyo, "ni kama banakuangalia," na sasa wamejaa nyumbani kwake hadi juu ya kabati la vyombo. Wengine walikuja kwa kupenda kukusanya, wengine kwa kupenda kushona, mimi nilikuja kwa sababu ya mvua: nilijikinga mlangoni kwao siku moja, nikapewa sindano kabla sijapewa kiti. Sijakutana na watu wapole kama wale. Ukishona mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake hawakuambii umekosea, wanakuambia dubu wako yuko tayari kwa safari.

Ni jambo moja tu ambalo hawana upole nalo, nalo ni sindano. Papa Ramazani, fundi cherehani ambaye babu zake walitoka Maniema, humpa kila mtu sindano saba zilizochomekwa kwenye kifuko cha pamba, na mwisho wa kazi kila mmoja huhesabu kwa sauti, "Zangu saba," "Zangu saba," mpaka meza nzima imezunguka, kisha dubu wote hupita mmoja mmoja chini ya sumaku ambayo Papa Ramazani aliichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikipungua sindano moja, hakuna anayetoka. Kuna siku tulitambaa kwa magoti, watu wazima kumi na wawili, mpaka kiza kikakaribia, tukaja kuipata imechomekwa kwenye kilemba cha Mama Antho mwenyewe, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu Papa Ramazani alikuwa ameshatuambia: "Mutoto hajue kutafuta sindano. Yee anajua kukumbatia tu."

Sasa, Jumamosi hiyo tulikuwa tunamaliza dubu thelathini wa watoto wa shule ya chekechea ya mtaa, wagawiwe kesho yake baada ya misa, na mimi saa kumi jioni nilikuwa nangojwa Kasapa, karibu na chuo kikuu, ambako vijana wenzangu wa fasihi walikuwa wamenialika niwasomee sura yangu ya kwanza (sentensi yake ya kwanza niliiandika upya mara kumi na tisa, na bado usiku niliiota ikinicheka). Dubu wangu alikuwa amebaki pua. Pua ya dubu ndiyo inayompa roho, hushonwa taratibu, uzi ukilala kando ya uzi mwenzake, na mimi niliishona jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani, ikatoka imeelekea kushoto kama mtu aliyenusa maandazi ya jirani. Nilipokata uzi, wenzangu walikuwa wameshahesabu na kupitisha dubu wao chini ya sumaku, nimebaki mimi tu. Nikaangalia kifuko changu. Sita. Nikaangalia tena, nikavigusa vichwa vya sindano kwa kidole. Sita.

"Zangu saba," nikasema.

Ni maneno mawili tu. Papa Ramazani alikuwa ameanza kuifunga sumaku yake katika kitambaa, akiniamini kama anavyotuamini sote, na mimi nikamtumbukiza dubu wangu ndani ya gunia pamoja na wenzake, nikajiambia kwamba sindano bila shaka imeanguka sakafuni, kwamba kesho asubuhi nitakuja kuiokota, na kwamba sakafu haina haraka.

Kasapa walinipigia makofi. Kichwa kikavimba. Héritier, ambaye ndiye mkali wetu wa kuchambua maandishi, akasema anatamani kuona mwandishi anayeshonea watoto dubu, na mimi badala ya kunyamaza nikamwambia aje kesho, alete na wenzake wawili. (Angalieni mtu anavyowaalika mashahidi wa aibu yake mwenyewe.)

Asubuhi, misa ilipoisha, niliingia chumba chetu cha kushonea nikapiga magoti. Nilitafuta chini ya meza, chini ya viti, katika nyufa za sakafu, ndani ya gunia la mabaki ya pamba. Sikuona kitu. Na hapo ndipo nilipokubali kile ambacho kichwa kilikuwa kinakataa tangu jana, kwamba sindano imebaki ndani ya dubu, nikatoka mbio kwenda shuleni, na kabla sijafika langoni nikasikia watoto wanaimba wimbo wa kushukuru, maana yake dubu walikuwa wameshagawiwa.

Nilijifariji kwamba nitamtambua wangu kwa pua yake. Kumbe Mama Antho, kwa wema wake usiolala, alikuwa amewashonea dubu wote kofia za kitenge kimoja cha bluu, zikiwa zimeshuka hadi machoni na kufunika nusu ya pua. Dubu thelathini, kofia thelathini, na kila dubu amekumbatiwa na mtoto.

Ningeweza kusema kweli palepale. Lakini Héritier alikuwa amesimama ukutani na wenzake, akaniinulia mkono kwa heshima, na ule mkono ukanifunga mdomo. Nikainama kwa mtoto wa kwanza, nikatabasamu, nikafunua kofia ya dubu wake, nikaangalia pua. Siyo. Wa pili alikataa, nikavuta kidogo, naye akavuta. Wa tatu alianza kulia kabla sijamfikia.

"Eh! Muntu mukubwa anafanya nini na nounours ya mutoto?" mama mmoja akauliza.

"Ni ya photo, mama," nikasema.

"Photo gani, na weye hauna na appareil?" akauliza, akiikagua mikono yangu isiyo na kamera.

"Tunapima kwanza pua."

"Anapima pua!" akawatangazia wenzake. "Mumusikie! Anapima banounours pua!"

Wakacheka, lakini kilio cha mtoto mmoja ni kama moto wa nyasi, kikashika mstari wa kwanza, kikashika wa pili, na mimi kadiri walivyolia ndivyo nilivyoharakisha, nikawa nina dubu wawili kwapani na wa tatu mkononi, natoka jasho, nanong'ona "siyo huyu, siyo huyu," na kutoka nyuma sauti ya baba mmoja ikapanda: "Muizi ya batoto! Mumufungie lango!" Lango likafungwa. Héritier akaushusha mkono.

"Mwandishi," akaita Mama Antho. Ndilo jina wanaloniita, na siku hiyo nilitamani lingekuwa la mtu mwingine. "Kuya hapa. Uko unatafuta nini?"

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu ukweli, zingine nzuri, lakini kuusema kulikuwa kugumu kama kumeza punje ya mahindi mabichi.

"Sindano," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni. "Jana zangu zilikuwa sita."

Papa Ramazani alitoa sumaku mfukoni mwa koti (kumbe huwa anatembea nayo), wenzangu wakachuchumaa kati ya watoto, wakawaomba dubu kwa adabu, wakafunua kofia, wakabonyeza matumbo, na wale mama waliokuwa wananicheka wakabonyeza pia, bila kucheka. Ishirini na tisa. Hakuna aliyekuwa na pua ya kushoto.

"Plamedi haiko," mwalimu akasema. "Alienda na kambo yake, juu kambo alikuwa na maumivu ya miguu."

Kambo ni bibi. Nyumba yao ilikuwa barabara sita kutoka pale.

Sijui kama mmewahi kukimbia Katuba Jumapili mchana mkiwa msafara. Mimi mbele, Papa Ramazani akinifuata visiginoni na sumaku yake, Mama Antho viatu mkononi, kisha mama zaidi ya kumi, kisha Héritier na wenzake, kisha watoto ambao hawakuelewa kitu ila kwamba wanakimbia, na vumbi jekundu likitupandia wote bila ubaguzi. Wauza mkaa walisimama kutuangalia. Na katika mbio zile nilielewa kwamba nimetumia miaka kuandika maumivu ya watu ambao hawapo, kwa maneno mazuri, na sikuwahi kuyaogopa hata mara moja kama nilivyoogopa tone moja la damu ya mtoto ambaye sikujua hata sura yake. Niliomba. Niliomba kwa lugha zote ninazozijua, na zilipoisha nikaomba kwa miguu.

Kambo alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya mlango anachambua maharage. Na Plamedi, miaka mitano, gauni la manjano, alikuwa anatembea polepole uani, anainama na kuinuka kidogo kama mama anayebembeleza. Dubu alikuwa mgongoni mwake. Amefungwa kwa kitenge, kwa nguvu, pua ikiwa imebanwa kwenye uti wa mgongo wa mtoto.

"Mutoe!" nikapiga kelele.

Plamedi akageuka, akaweka kidole mdomoni.

"Shhh. Analala."

Nikashusha sauti. Na nyuma yangu, naapa, watu karibu arobaini wakashusha sauti zao.

"Plamedi," nikanong'ona, "minaomba nimushike kidogo."

"Hapana. Utamuamusha."

"Iko mugonjwa."

Akanitazama kwa mashaka makubwa. "Mugonjwa ya nini?"

"Iko na mwiba mu pua."

"Weye uko docteur?"

Nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha. "Hapana," nikasema. Papa Ramazani akapiga goti kando yangu, anahema. "Miye niko fundi ya banguo," akamwambia. "Lakini ya hii ugonjwa, niko docteur."

Plamedi akafikiri, kisha akamgeuzia kambo mgongo ili afungue fundo. Kitenge kikalegea. Niliangalia gauni la manjano kama mtu anayesoma hukumu yake. Lilikuwa safi. Kambo akalipandisha, akapitisha kiganja mgongoni kwa mtoto, juu mpaka chini, chini mpaka juu. "Hakuna kintu," akasema. "Ngozi iko bien." Na nyuma yangu "hakuna kintu, hakuna kintu" ikaenda mdomo kwa mdomo mpaka barabarani, na mimi nikakaa chini vumbini.

Papa Ramazani akasogeza sumaku. Pua ya dubu ikainuka yenyewe, kama inanusa, halafu nikasikia "ti!" Ncha ya sindano ikachomoza kati ya nyuzi zangu za haraka, fupi kuliko ukucha, inang'aa. Ilikuwa imelala ndani ya pamba ngumu ya pua, imeelekea nje. Akaivuta, akaifuta kwa shati, akaiweka kiganjani mwangu.

"Saba," akasema. Kisha, kwa upole uleule wa mguu mrefu: "Siku ingine useme sita. Tutatafuta wote."

Yule mama wa kupima pua akaniletea maji katika kikombe cha bati. Nikanywa, na sijui kama nilikuwa nacheka au nalia, nadhani vyote viwili vilipita njia moja. Mngefikiri mambo yameishia hapo. Lakini Plamedi alikuwa amesimama mbele yangu, dubu mikononi.

"Ni nani alimuweka mwiba?"

Watu arobaini wakaniangalia.

"Ni miye."

"Omba pardon."

"Pardon, Plamedi, kweli miye..."

"Hapana miye. Yee," akasema, akiniinulia dubu usoni.

Héritier akatoa simu (picha ile bado inazunguka, mkiiona mniambie inavyoendelea). Nikajiweka sawa kwa magoti, vumbi hadi kwenye mapaja, macho kwa macho na dubu mwenye pua iliyopinda. "Nounours," nikasema, "unisamehe. Nilikushona mbiombio, halafu nikasema uongo." Plamedi akamweka dubu sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Anasema ni bien," akatoa jibu. "Lakini ulimuamusha. Sasa umubebe."

Siku hizi nahesabu sindano zangu kwa kidole na kwa sauti, mara mbili, na hakuna sura ya kwanza, wala ya mwisho, itakayonitoa mezani kabla hesabu haijafika; nimeapa, na nimeapa mbele ya watu wasiosahau. Ila kiapo chenyewe nilikila pale uani. Kambo aliinuka na miguu yake inayouma, hakutabasamu hata kidogo, akamweka dubu mgongoni mwangu na kumfunga kwa kitenge kwa nguvu kama anavyofunga mtu anayejua kazi, akanisukuma begani, na mimi nikaanza kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai na kurudi, nainama kidogo, nainuka kidogo, nampigapiga dubu makalio, huku Mama Antho akiimba kwa sauti ya chini na mtaa mzima ukijizuia kucheka ili usimwamshe mgonjwa. Kichwa cha dubu kilikuwa kinanigusa katikati ya mabega. Kwa kila hatua nilingoja kuchomwa, na sikuchomwa.

"Bado hayalala," Plamedi akasema. "Zunguka tena."

Nikazunguka tena.