Mlango Mkubwa wa Kanisa la Nguzo

Mama alinitaka jambo moja tu: akifa, jeneza lake litolewe kanisani kwa mlango mkubwa, katikati ya nguzo.

Kanisa letu la Kianglikana hapa Lindi watu waliliita Kanisa la Nguzo, hata Waislamu walipomwelekeza mgeni njia. Mbele lilikuwa na nguzo nne nene za mviringo, na juu yake paji la pembetatu. Mwalimu wangu wa darasa la saba alisema mtindo ule uliigwa kwa Wayunani wa kale. Mama hakuwajali Wayunani. Alichojua ni kwamba alipokuwa msichana, mlango ule ulikuwa wa Wazungu wa mashamba ya mkonge. Waafrika walipita ubavuni, kwenye mlango mwembamba uliotazamana na choo. Siku ya ndoa yake alipita huko huko. Baada ya Uhuru mlango mkubwa ukawa wa wote, lakini yeye akaendelea kupita ubavuni, makusudi.

"Mbele nitapita siku nitakayobebwa," alisema. "Siku hiyo hakuna wa kunirudisha nyuma."

Nilimwahidi.

Halafu kamati ya kanisa, nami nikiwa mjumbe, ikakaa. Paa limeoza, kuta zina nyufa, libomolewe, lijengwe jipya lenye ukumbi. Mwenyekiti akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri. Aliyekaa karibu nami alinyoosha, nami nikanyoosha. Joto lilikuwa kali na nilitaka kurudi nyumbani.

Wakati huo mama alikuwa haoni wala hasimami. Alilala kwangu Rasbura, na mimi ndiye niliyemlisha. Katapila lilipoanza kazi, ngurumo ilifika hadi kitandani kwake.

"Wanatengeneza barabara," nikamwambia.

Vumbi likaingia dirishani. Akalilamba mdomoni. "Barabara gani ya chokaa?"

Nilijifanya sikusikia. Nilikwenda kutazama nguzo zikiangushwa. Kumbe hazikuwa za mawe. Ndani mlikuwa na udongo na vipande vya matumbawe, nje chokaa iliyochorwa mistari ifanane na jiwe. Jumapili mama alipouliza mahubiri yalikuwa ya nini, nilimtungia. Nilimtungia Jumapili tano.

Ndipo akaja mtani wetu, mwanamke Muislamu mwenye asili ya kijiji cha Miteja, anayeuza mihogo. Mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Aliingia kajifunga kitambaa kichwani, analia kwa sauti.

"Poleni wafiwa! Maiti yenu inaoza njiani, kuizika mmeshindwa!"

Mama akacheka. "Kafa nani tena, we mchawi?"

"Si kanisa lenu! Limelala chali kama mende. Mawe matatu nimeshayafanya mafiga, jana yamenipikia kisamvu. Kitamu hicho! Wazungu wenu walijua kuchagua mawe."

Mama alinigeuzia uso, akingoja nimrudishie mtani tusi lake. Nilinyamaza. Mtani akashika mdomo. Hakujua kwamba nilimficha mama habari hiyo.

"Mwanangu, mbona humjibu mtani wako?"

Nikasogeza kigoda karibu na kitanda.

"Walinyoosha mikono?" akauliza. Alijua kanisa linavyoamua mambo yake.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Upi?"

"Wa kulia."

"Ulete."

Nikampa. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Aliupapasa vidole vyote, halafu akaurudisha juu ya goti langu, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Huu usinilishe tena."

Mama huyu ndiye aliyenichapa utotoni kwa kumpokea mgeni kitu kwa mkono wa kushoto. Tangu siku ile nilimlisha kwa wa kushoto. Matonge yalianguka kifuani kwake, uji ukamchuruzika shingoni. Majirani waliokuja kumjulia hali waliona, wakatazama chini. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alifungua mdomo, akangoja tonge.

Alikufa kabla ya masika. Ibada ilisomwa chini ya turubai, kando ya kifusi. Nilitaka tumpitishe pale mlango ulipokuwa, lakini mafundi walikuwa wamechimba msingi wa kanisa jipya, mtaro wa kina cha kiuno. Wabebaji wakazunguka. Wakampitisha ubavuni, upande wa choo. Choo hakikubomolewa.

Kaburini nilichota udongo kwa mkono wa kulia. Mtani wetu alikuwa amesimama ng'ambo ya shimo, kavaa kanga ya mama aliyoinyakua kwa haki yake ya utani.

"Wa kushoto, mtani!" akanipigia kelele. "Wa kushoto! Huo hautaki!"

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Nikauhamisha udongo, nikautupa kwa wa kushoto.