Miezi Minane Josephine Aliyokaa Bila Kusali

Jumanne asubuhi nilikuwa uani kwangu, Singe, napukuchua mahindi, muuguzi mmoja aitwaye Sijaona aliponipigia simu. Alikuwa akifanya kazi na dada yangu Josephine katika wodi ya wazazi.

"Shikamoo, Mama Jesse. Hapo uko na nani?"

"Marahaba. Niko peke yangu."

"Basi kaa chini kwanza."

Nilikuwa nimeshakaa. Akaniambia presha ilimwangusha Josephine wakati wa kukabidhi zamu, na madaktari walijitahidi wakashindwa. Nikasema asante. Nikamalizia hindi lililokuwa mkononi, nikachukua jingine.

Kikao cha mazishi kilikuwa Maisaka, kwa Baba Mdogo Anselmi. Nilipewa kuandika historia ya marehemu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Niliandika kwamba Josephine alizaliwa Dareda, akasomea uuguzi, hakuolewa, akahudumu miaka ishirini na mbili, na kila zamu aliianza kwa ishara ya msalaba kabla ya kuvaa glavu. Kisha nikaandika jambo alilonieleza mimi tu.

Mwaka 2019 mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akafia mikononi mwake. Tangu siku ile Josephine hakusali kwa miezi minane. Kanisani alikwenda, jumuiya hakukosa, kazini aliwahi. Aliniambia, "Nikifumba macho namwona yule mama. Sasa niongee na Mungu nimekodoa macho, kama napatana bei ya vitunguu?"

Siku moja bibi aliyekuwa akimwuguza mjukuu wake alimwomba amwombee mgonjwa. Josephine akamjibu, "Bibi, leo sina maneno."

"Maneno ninayo mimi, mwanangu. Wewe mshike mkono, uitikie Amina."

Akaitikia. Kesho yake akaitikia kwa mgonjwa mwingine. Akaendelea hivyo, akiitikia sala za wagonjwa, mpaka za kwake zikarudi, fupi kuliko zamani.

Baba Mdogo alisoma, akavua miwani. "Hii ya kutosali itoe. Andika alipenda watu wote."

"Hakupenda watu wote, Baba Mdogo. Wewe mwenyewe alikutoa wodini na chupa yako ya chai."

"Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa."

"Ilikuwa imepita."

Akanirudishia karatasi. "Watamsema, Dorika. Amelala pale, hawezi kujitetea."

Hilo lilinisumbua kuliko msiba wenyewe, ambao nilikuwa bado siusikii. Lakini niliwafikiria wauguzi wasichana ambao wangetoka mazishini na kuingia zamu ya jioni. Sikufuta.

Ijumaa, kwenye mazishi, nikasoma yote. Sikulia. Sauti ilitoka kama nasoma matangazo ya parokia. Hakuna aliyenung'unika. Muuguzi mmoja kijana, Veronica, aliinamisha kichwa akabaki hivyo mpaka nilipomaliza. Baba Mdogo alitazama viatu vyake.

Wauguzi sita wenye sare wakabeba jeneza hadi nyuma ya nyumba ya wazazi wetu. Padre akabariki kaburi. Tukatupa udongo, ndugu kwanza, halafu jumuiya, halafu wafanyakazi wenzake. Wanaume wakafukia kwa kupokezana koleo, tuta likakaa vizuri, msalaba ukasimikwa. Nikaitwa kuweka shada la maua, nikaliweka. Ilipofika saa kumi na nusu watu walianza kuondoka.