Boriti za Mjomba na Uongo Wangu wa Reli

Nishaurini jamani, nimenaswa na uongo wangu mwenyewe.

Mjomba alikuwa mkata mikoko huko Delta. Boriti zake zilitumika kujengea nyumba za wafanyakazi wa reli.

Mimi, kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni tunayoiandika kwa kujitolea, nikatia chumvi: eti zililazwa chini ya reli yenyewe.

Leo nimeifuta sentensi hiyo. Mwenzetu wa Dodoma kairudisha papo hapo.

"Kaka, chanzo kipo."

Nafungua chanzo. Gazeti la mtandaoni, limenakili sentensi yangu neno kwa neno!

"Hiyo nimeitunga mimi!"

"Una ushahidi?"

Nikakimbia kwa Mjomba hapa Kibiti, nimrekodi akikanusha.

Kasoma lile gazeti kwenye simu yangu taratibu, kavua miwani.

"Kumbe zilifika relini? Basi mimi ndiye niliyesahau, mwanangu."