Idi Iliyotangulia Mwezi

Wasomaji, nichekeni tu, mie mwenyewe nimeshajicheka. Duka letu la vipuri hapa Temeke lilinunua kompyuta, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kozi ya wiki chache, nikajiita mtaalamu. Bosi wangu, Sharifu Awadhi, alitaka Idi ikifika wateja wote wapate salamu zake kwa faksi. Nikaiunganisha programu inayotunza majina yao na ile ya faksi, ambayo hufanya kazi chinichini bila kuonekana kwenye skrini.

Usiku uliopita mwezi haukuandama, kwa hiyo tuliamka tumefunga. Nikabonyeza kujaribu. Kimya. Nikabonyeza tena kwa hasira. Kimya vilevile.

"Vipi?" Sharifu akauliza.

"Imegoma, mzee. Mashine hizi zina kiburi! Haikutoka hata faksi moja."

Sharifu ni mjumbe wa kamati ya kuutazama mwezi msikitini kwao. Akisema Idi, watu hawaulizi mara mbili.

Kabla ya adhuhuri akaingia Mzee Bakari, mteja wetu wa Mbagala, kanzu mpya, mdomo umejaa kitumbua.

"Idi mubaraka, Sharifu! Salamu zako nimezipata, tena mara mbili! Nikawatangazia majirani, mtaa mzima tumefungua. Watoto wako kwenye bembea."

Sharifu akanigeukia polepole.

"Haya," akasema, "mwambie Mzee Bakari leo ni siku gani."